Dunia Isiyo na Watu

Watu wa rika langu wakisikia neno gemu hutikisa vichwa. Kwao hiyo ni michezo ya watoto waliokosa kazi, na wakimkuta kijana ameikodolea macho skrini usiku wa manane husema dunia imekwisha. Vijana nao wana ugonjwa wao. Huamini kwamba kadiri mashine inavyokuwa na bei kubwa ndivyo kazi inayoonyeshwa ndani yake inavyokuwa bora. Makundi haya mawili hubishana sana, lakini yanafanana katika jambo moja: hakuna linalokaa chini na kuihakiki gemu kama tunavyohakiki riwaya au tamthilia, kwa kuuliza imesema nini, imesemaje, na imesema kweli kwa kiasi gani.

Nilifundisha fasihi kwa miaka mingi, shuleni na katika chuo cha ualimu, na kila mwaka niliwaambia walimu wanafunzi maneno yale yale: kazi ya sanaa ina fani na ina maudhui, ina mandhari na ina wahusika, wala kimoja hakiwezi kuziba pengo la kingine. Sioni sababu ya kuinyima gemu haki hiyo. Imetungwa na watu, inasimulia kisa, na wajukuu zetu wanaisoma kwa bidii kuliko wanavyosoma vitabu tulivyowachagulia sisi. Katika insha hii nitahakiki gemu moja tu, na pamoja nayo nitahakiki kifaa kimoja, kwa kuwa niliviona pamoja na kimoja kilinisaidia kukielewa kingine.

Kifaa chenyewe ni kadi ya grafiki. Kwa faida ya msomaji ambaye hajawahi kufungua tumbo la kompyuta, nieleze kwa ufupi. Picha ya kompyuta hufumwa kwa nukta ndogo ndogo za rangi, kama mkeka unavyofumwa kwa ukindu. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, jumla 2,073,600. Skrini za kisasa ambazo vijana huziita 4K zina nukta 8,294,400, yaani mara nne. Ili picha ionekane inatembea bila kukwama, inabidi nukta hizo zote zipakwe rangi upya mara 60 hivi kwa sekunde moja. Atakayezidisha ataona kwamba ni karibu nukta milioni 500 kila sekunde.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na prosesa ya kompyuta peke yake. Prosesa ni kama mwalimu mkuu hodari: anajua kila kitu, lakini hushughulikia mambo machache kwa wakati mmoja. Kadi ya grafiki ni kama uwanja uliojaa wanafunzi, kila mmoja amepewa hesabu moja rahisi, na wote wanaandika majibu kwa pamoja. Kampuni ya Marekani iitwayo NVIDIA, iliyoanzishwa mwaka 1993, ndiyo iliyojipatia jina kubwa katika biashara hii, hasa tangu ilipotoa kadi ya GeForce 256 mwaka 1999. Kadi yake ya kifahari iliyotoka Januari 2025, RTX 5090, ina wanafunzi wa namna hiyo 21,760, ina kumbukumbu ya gigabaiti 32, na hula umeme hadi wati 575. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola 1,999. Kwa fedha yetu hiyo ni karibu shilingi 5,000,000, kabla ya usafiri, kabla ya ushuru, na kabla ya kununua mashine ya kuiwekea.

Mjukuu wangu, ambaye ana kibanda mjini Ngara cha kutengeneza kompyuta na kuhariri video za harusi, hakununua kadi hiyo. Alinunua mtumba wa daraja la juu uliotoka miaka mitano nyuma, RTX 3080 ya mwaka 2020, ukaja kwa basi kutoka Kariakoo ukiwa umefungwa ndani ya blanketi. Fedha zenyewe alikuwa amezidunduliza ili anunue pikipiki. Baba yake alinuna wiki nzima. Mimi sikununa, kwa sababu kadi ile humsaidia pia katika kazi: video ya harusi iliyokuwa ikichukua usiku mzima kukamilika sasa inakamilika kabla chai haijapoa. Nilimtaka jambo moja tu, apige hesabu ya umeme. Kompyuta yake ikiwa inachezesha gemu hutumia kama wati 500. Hizo ni taa 50 za wati 10. Kila saa mbili za mchezo ni uniti moja ya LUKU.

Sitaki msomaji aipuuze hesabu hiyo ya umeme, maana katika wilaya zetu umeme una historia. Ngara na Biharamulo ziliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, na jenereta ilipopumzika sote tulipumzika. Leo kuna mtambo wa maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Kagera, wenye megawati 80 zinazogawanywa sawa kwa sawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Nyaya zake upande wetu hupita hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo, na huko huungana na gridi ya Taifa. Hapo hapo Rusumo kuna daraja. Nitalirudia daraja hilo baadaye, kwa kuwa uhakiki wangu wote umesimama juu yake.

Sasa nije kwenye gemu. Inaitwa Far Cry 2. Ilitungwa mjini Montreal, Kanada, na watu wa kampuni ya Ubisoft chini ya uongozi wa Clint Hocking, ikatolewa Oktoba 2008. Si gemu mpya, lakini vijana wa kwetu bado wanaicheza, na sababu yao ni moja: inahusu Afrika. Nchi yenyewe haitajwi jina. Ni nchi ya nyika, maziwa, misitu na jangwa, iliyomo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe baina ya vikundi viwili. Mchezaji huwa mamluki kutoka nchi za nje aliyetumwa kumuua mfanyabiashara wa silaha aitwaye Jackal, yaani Mbweha. Anaingia kwa teksi, anashikwa na malaria, na tangu hapo anaishi kwa kufanya kazi za umwagaji damu huku akilipwa kwa almasi.

Ilipotoka mwaka 2008 gemu hii ilihitaji kadi yenye kumbukumbu ya megabaiti 256 kwa uchache. Gigabaiti 32 za kadi ya leo ni mara 128 ya hiyo. Kwa hiyo kadi ya mtumba ya mjukuu wangu iliimeza bila kutafuna. Kabla ya kadi hiyo alikuwa akiicheza kwenye kompyuta chakavu, mipangilio yote ameishusha, nyasi zikiwa kama matope ya kijani. Alipoweka kadi mpya alipandisha kila kitu hadi juu, akaniita niketi karibu naye, na tulikaa jioni nyingi tukiitazama.

Jambo hilo lilinipa nafasi ambayo mhakiki wa vitabu haipati kamwe. Katika maabara tunafundisha kwamba ukitaka kujua sababu ya badiliko, badilisha kitu kimoja, vingine viache kama vilivyo. Gemu ilikuwa ile ile, kisa kile kile, mchezaji yule yule. Kilichobadilika ni kadi tu. Basi kila kizuri kilichoongezeka kilikuwa kazi ya kadi, na kila kilichobaki kama zamani kilikuwa kazi ya mtunzi. Nikachukua kalamu na karatasi nikaanza kuorodhesha.

Upande wa kadi orodha ilikuwa ndefu, na sina choyo cha kusifu. Nyasi zilisimama moja moja na kuinama upepo ulipopita. Vivuli vya miti vilisogea kadiri jua lilivyosogea. Mapambazuko yalikuwa na ule wekundu wa vumbi tunaoujua mwezi wa Agosti. Lakini kilichonishika zaidi ni moto. Mtu aliyeishi Biharamulo wakati wa kiangazi anaujua moto wa nyika: haukimbii ovyo, hufuata upepo, hulala kidogo penye unyevu, halafu hurukia majani makavu na kukugeukia wewe uliyeuwasha. Watunzi wa gemu hii wameuiga moto huo kwa uaminifu wa ajabu. Walisafiri hadi Kenya kuitazama nyika kwa macho yao, na inaonekana walitazama sawasawa. Hata silaha zimeangaliwa kwa makini. Bunduki iliyookotwa kwa maiti huwa na kutu na hukwama wakati wa haja, jambo linalomfundisha kijana kuwa silaha si rafiki wa mtu. Kwa upande wa mandhari, basi, natoa alama za juu.

Halafu nikageukia wahusika, na hapa orodha ya kadi haikuongezeka hata mstari mmoja.

Katika nchi ile yote hakuna mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Hakuna mtoto. Hakuna mzee aliyekaa kizingitini. Kuna vijiji visivyo na wanakijiji, barabara zisizo na waenda sokoni, mashua zisizo na wavuvi. Kuna pundamilia na kuna swala, lakini hakuna mchungaji wala ng'ombe wake. Ukimwona mtu njiani, basi ana bunduki, na atakupiga risasi bila kukuuliza u nani, hata akiwa wa kikundi kile kile kilichokutuma kazi asubuhi. Raia wamebaki wachache mno, wamejificha majumbani, na kazi yao kubwa ni kumpa mchezaji vidonge vya malaria akiwaletea hati za kusafiria. Wale anaoweza kuwaita marafiki ni mamluki wenzake, wageni kama yeye.

Tazama malaria yenyewe. Ni jambo zuri kwamba gemu imeikumbuka, maana si wengi wanaoikumbuka. Lakini anayeugua ni mgeni peke yake. Anatetemeka, macho yanaingia giza, anameza kidonge, anaendelea kupiga risasi. Mama yeyote wa Ngara anajua kuwa dawa mseto humezwa kwa siku tatu, asubuhi na jioni, na kwamba anayeogopewa zaidi nyumbani ni mtoto wa chini ya miaka mitano. Malaria ya gemu hii haina mtoto, kwa sababu nchi yenyewe haina mtoto.

Haya yote yangeweza kubaki kama kasoro za mtunzi, nami ningeyaandika pembezoni kwa wino mwekundu na kufunga daftari. Lakini jioni moja mjukuu wangu alisimamisha mchezo. Vijiji vilikuwa vitupu, moshi unapanda, jua linazama juu ya mto. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu majani. Akaniuliza, "Babu, mwaka 94 hapa kwetu ilikuwa hivi hivi?"

Kijana huyu alizaliwa baada ya mambo yale. Shule imemfundisha tarehe, na wazazi wake hawapendi kuyazungumza. Hana picha nyingine kichwani. Amepewa picha moja yenye nukta milioni nane, na kwa kuwa inang'aa ameiamini. Nadhani hapa ndipo ilipo hatari ya kadi nzuri ambayo watu wa rika langu hawaioni wanapolalamika kuhusu muda unaopotea. Picha yenye ukungu humwachia mtazamaji shaka, humfanya aseme labda sivyo. Picha angavu humnyang'anya shaka hiyo. Lakini uangavu wa picha si ukweli wa picha. Miwani mizuri itakuonyesha vizuri yale yaliyoandikwa. Haitakuandikia yale ambayo mwandishi aliyaacha.

Nilimjibu kwa kumweleza nilivyoona, na kwa ajili ya vijana wengine wa wilaya hizi nayaandika. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu takriban 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema halijawahi kuona watu wengi namna hiyo wakikimbia kwa kasi namna hiyo. Miezi michache nyuma, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993, Warundi nao walikuwa wamevuka. Mahali paitwapo Benaco, palipopata jina hilo kutokana na kampuni ya Kiitalia ya ujenzi, pakageuka kambi iliyokuwa kubwa kuliko kambi zote za wakimbizi duniani wakati ule. Katika wilaya yetu wageni wakawa wengi kuliko wenyeji.

Nilikuwa mwalimu wilayani humo mwaka ule. Vita sikuviona vikija na bunduki. Nilivyoviona mimi vilikuja juu ya kichwa cha mwanamke, vikiwa godoro. Vilikuja vikiwa sufuria, mkeka, baiskeli iliyobebeshwa mgonjwa, mbuzi mmoja aliyefungwa kamba, mtoto aliyembeba mtoto. Vilikuwa foleni ya maji isiyokuwa na mwisho. Vilikuwa milima iliyobaki bila miti, kwa kuwa watu laki kadhaa lazima wapike. Vilikuwa bei ya ndizi na bei ya muhogo. Vilikuwa lugha pia, maana Mhangaza na Mrundi au Mnyarwanda husikilizana bila mkalimani, na kwa hiyo hatukuweza kujifanya hatuelewi walichokuwa wakisema usiku. Na miongoni mwao walikuwamo walioua na walioponea chupuchupu, wamepanga foleni moja ya maharage, nasi hatukujua nani ni nani. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Mto uliopita chini ya daraja ulikuwa unachukua maiti kuelekea ziwa Victoria. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Kwa hiyo jibu langu kwa mjukuu lilikuwa hapana. Haikuwa hivi hivi. Huko kwenye gemu vita vimeondoa watu, vikabaki vijiji vitupu na machweo mazuri. Kwetu vita vilileta watu, hata pakakosekana pa kukanyaga. Mtu akitaka kutunga kisa cha vita vya eneo letu halafu akaanza kwa kuwatoa watu, amekiondoa kisa chenyewe akabaki na mandhari.

Najua mtetezi wa gemu hii atakuwa na hoja, na si haki kumhukumu mtu bila kumsikiliza. Atasema kwanza kwamba gemu yenyewe inaeleza kuwa raia wamekimbia, na kwamba mwishoni kabisa wakimbizi wanaonekana. Ni kweli. Kisa kinaishia mpakani: mchezaji na yule Mbweha wanagawana kazi mbili, mmoja apeleke almasi za kuwahonga walinzi wa mpaka, mwingine alipue njia ili wapiganaji wasiwafikie wakimbizi, na wote wawili hawatabaki hai. Nakiri mwisho huo una uzito. Lakini utazame vizuri. Baada ya saa nyingi za mchezo wakimbizi wanajitokeza wakiwa kundi, bila majina, ili mamluki wawili wapate mahali pa kutubia dhambi zao. Wao ni mlango wa mtu mwingine kutokea. Daraja limefika mwisho wa kisa, na sisi wa Ngara tunajua kwamba kisa kilianzia darajani.

Atasema pili kwamba mashine za mwaka 2008 hazikuwa na nguvu za kuendesha umati wa watu. Hoja hii ingekuwa nzito kama si jambo moja. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2007, ofisi ile ile ya Ubisoft mjini Montreal ilitoa gemu iitwayo Assassin's Creed, na ndani yake miji ya kale ya Damascus, Jerusalem na Acre imejaa watu: wachuuzi, ombaomba, wanawake waliobeba mitungi, watu wanaosukumana sokoni. Basi uwezo ulikuwapo. Yerusalemu ya karne ya 12 ilipewa watu. Afrika ya karne yetu ikapewa nyasi. Hilo ni chaguo la mtunzi, wala kadi haihusiki. Isitoshe, kinachomfanya mtu wa kwenye gemu atembee, aogope na aende sokoni ni hesabu za prosesa na maandishi ya watunzi. Kadi kazi yake ni kumpaka rangi tu baada ya kuamuliwa kwamba yupo. Asiyekuwapo hawezi kupakwa rangi, hata kwa dola 1,999.

Atasema tatu kwamba gemu hii inafuata nyayo za riwaya ya Joseph Conrad, Heart of Darkness, na kwamba inataka kuonyesha uovu wa mamluki na si maisha ya wenyeji. Hilo nalo ni kweli. Lakini riwaya hiyo ilikwisha kupata jibu lake. Tarehe 18 Februari 1975 Chinua Achebe alisimama katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, akaihakiki riwaya hiyo hadharani, na shtaka lake kubwa lilikuwa kwamba Afrika imefanywa pazia la nyuma ya jukwaa ili roho ya Mzungu mmoja ipasuke mbele yake. Hotuba hiyo tuliwasomesha walimu wetu. Mtu anayetunga miaka 33 baada ya Achebe kusema hana ruhusa ya kulirudia pazia lile lile, hata kama amelipamba kwa moto unaofuata upepo.

Kuna jambo jingine ambalo mtu asiyejua Kiswahili hawezi kulitambua. Kila gemu kubwa huendeshwa na programu ya msingi ambayo mafundi huiita injini, na watunzi wa Far Cry 2 waliipa injini yao jina la Dunia. Ni neno letu, kama lilivyo pia la Waarabu na la Wahindi. Nilipoambiwa nilifurahi, kisha nikatafakari. Katika Kiswahili dunia si udongo na miti peke yake. Tunaposema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, hatusemi atafunzwa na milima. Atafunzwa na watu. Ndiyo maana wakazi wake tunawaita walimwengu, na ndiyo maana tunasema mtu ni watu. Injini ikiitwa Dunia na ndani yake hamna walimwengu, jina limekopwa na maana imeachwa dukani.

Msomaji anaweza kuuliza kama gemu inaweza kweli kubeba watu wa vitani, au kama namdai mtunzi jambo lisilowezekana. Linawezekana, na halihitaji kadi ya bei. Mwaka 2014 kampuni ya Poland, 11 bit studios, ilitoa This War of Mine, iliyotungwa kwa kukumbuka mji wa Sarajevo ulivyozingirwa kuanzia mwaka 1992 hadi 1996. Mchezaji hapewi bunduki na kuambiwa shinda. Anapewa nyumba iliyobomoka na raia wachache wenye njaa, mmoja mgonjwa, na anaambiwa wavushe hadi vita viishe. Picha zake ni za kijivu kama zilizochorwa kwa mkaa, na kompyuta ya kawaida inaimudu. Mwaka 2020 serikali ya Poland iliiingiza katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kusomwa na wanafunzi wa sekondari. Mimi kama mwalimu niliposoma habari hiyo nilisema, hawa wameelewa.

Karibu zaidi na kwetu yuko Lual Mayen. Familia yake ilikimbia vita Sudan Kusini, naye akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Alipomwambia mama yake kwamba anataka kompyuta, mama huyo alidunduliza kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300, akamnunulia kompyuta ya mkononi. Kambini hakukuwa na umeme, kwa hiyo kijana alitembea mwendo wa saa kadhaa kwenda kuichaji. Akajifunza mwenyewe kutunga programu, akatunga gemu iitwayo Salaam. Ndani yake mchezaji ni mkimbizi. Anakimbia, anahitaji maji, chakula na dawa, anatafuta mahali penye amani. Hakuna ushindi mwingine. Mwaka 2018 alitunukiwa heshima katika tuzo za kimataifa za gemu nchini Marekani. Bei ya kadi moja ya RTX 5090 ingenunua kompyuta 6 kama ile ya Mayen, na chenji ingebaki. Picha za Salaam ni za kawaida sana ukizilinganisha na nyasi za Far Cry 2. Lakini mwenye kuitunga alikuwa anajua nani amebeba ndoo.

Hukumu yangu basi ni hii. Far Cry 2 ni kazi yenye fani ya hali ya juu na jicho kali kwa ardhi, moto na chuma, na ina ujasiri wa kumwonyesha mamluki jinsi alivyo mwovu. Upungufu wake mkubwa ni kwamba imeandika vita vya Afrika kwa kuwafuta Waafrika, halafu imewarudisha mwishoni wakiwa mzigo wa kuokolewa. Kadi ya grafiki, nayo, ni kifaa kizuri na cha haki: hutoa kwa uaminifu kile ilichopewa. Haikuongeza uongo. Iliufanya ukosefu wa watu uonekane wazi zaidi, na kwa hilo naishukuru.

Kwa vijana wa Ngara na Biharamulo wanaodunduliza fedha kwa ajili ya kadi kama hizi, sina amri ya kutoa. Anayehariri video, anayechora ramani za majengo, anayejifunza kutunga programu, na anunue akiweza, mradi apige hesabu ya LUKU na asimnyime mtu ada ya shule. Lakini mwenye kudhani kuwa atanunua ukweli pamoja na kadi, huyo namwomba asitoe shilingi yake kwanza. Akaketi na mama yake au na jirani yake aliyekuwapo mwaka 1994, au mwezi Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walipolivuka tena daraja la Rusumo kurudi kwao, akamwuliza ilikuwaje, na akaandika. Wazee hao hawatadumu milele. Maandishi hayo hayahitaji wati hata moja, na siku atakapopata mashine na ufundi wa kutunga gemu yake mwenyewe, atakuwa na watu wa kuweka ndani.